Bia ya mvuke ya kopo, laga au eli: uchukue ipi?

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma haya mkiwa mmesimama mbele ya friji la duka. Kama umekulia kwenye Tusker, Kilimanjaro au Safari na sasa unataka bia nzito kidogo, yenye uchungu wa kueleweka lakini isiyokurushia manukato puani, chukua kopo la bia ya mvuke (steam beer), ile ya California inayotengenezwa kwa hamira ya laga lakini kwenye joto kuliko laga ilivyozoea. Kama raha yako ni harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake, chukua eli. Na kama mezani kuna pilipili ya kweli, au wageni ambao huzijui ladha zao, laga nyekundunyekundu haitakuaibisha.

Sharti moja linatangulia yote hayo, nalo ni tarehe iliyopigwa chini ya kopo. Nitalirudia.

Makopo yenyewe

Kwa upande wa laga nimeweka Samuel Adams Boston Lager, bia inayofuata mtindo wa Vienna: kilevi asilimia 5, uchungu 30 kwa kipimo cha IBU. Kwa upande wa eli ni Sierra Nevada Pale Ale ya Chico, California, yenye asilimia 5.6 na IBU 38. Zote mbili zimetapakaa Marekani nzima. Ukizikosa duka hili utazipata la jirani.

Bia ya mvuke ndiyo yenye mgogoro. Kwa miongo mingi kipimo chake kilikuwa Anchor Steam ya San Francisco, ya asilimia 4.9. Sapporo ya Japani ilikinunua kiwanda cha Anchor mwaka 2017, kikafungwa Julai 2023, na mwaka 2024 kikanunuliwa na Hamdi Ulukaya, yule mwenye kampuni ya mtindi ya Chobani. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba ukikutana na kopo la Anchor lenye ile sura ya njano na bluu iliyotoka 2021, huenda limekaa kwenye rafu, au kwenye gereji ya mtu, tangu kabla ya kufungwa. Wapo wanaoyauza makopo hayo kwa bei ya kumbukumbu. Linunue uliweke kabatini ukipenda, lakini usitoe pesa hiyo kwa ajili ya kunywa. Bia ya asilimia 4.9 haina kilevi wala utamu wa kuistahimilisha miaka. Kila mwezi unaopita inapungua.

Kopo la kunywa, basi, litoke kwa watengenezaji wadogo wa bia. Hao hawaandiki "Steam Beer", kwa sababu Anchor waliyasajili maneno hayo kuwa alama yao ya biashara mwaka 1981. Wao huandika "California Common", au hulieleza jambo hilo kwa herufi ndogo pembeni, kama wanavyofanya Toppling Goliath wa Decorah, Iowa, kwa laga yao iitwayo Dorothy's. Geuza kopo, soma ubavuni.

Kuna mtego wa kuangalia hapo. Steam Whistle ya Toronto ina neno la mvuke jina zima, na ni bia nzuri, lakini ni pilsner, laga nyepesi ya dhahabu isiyo na uhusiano wowote na mambo ya California. Wajerumani wa Msitu wa Bavaria nao, kule Zwiesel, wana bia yao ya kale ya mvuke, Dampfbier, inayotengenezwa kwa kimea cha shayiri na hamira ya jamii ile ya bia za ngano. Ukiionja utakutana na ndizi na karafuu. Ni tamu kwa namna yake, ila ukiipa alama kwa vigezo vya San Francisco utakuwa unaionea. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia kwa sababu ya neno moja.

Kwa nini ina ladha ya katikati

Hamira ya laga hupenda baridi. Kwa kawaida huchachusha kwenye nyuzijoto 8 hadi 13 hivi, polepole, kisha bia hulazwa majuma kadhaa kwenye baridi kali zaidi mpaka itulie. Hamira ya eli hupenda joto, nyuzi 18 na kuendelea. Humaliza kazi siku chache na njiani huacha harufu za matunda. Huo ndio mgawanyiko mkubwa wa bia duniani, na bia ya mvuke imekaa juu ya ua linalozitenganisha nyumba hizo mbili.

California ya miaka ya dhahabu, kuanzia 1849, ilijaa watu wenye kiu, na miongoni mwao watengenezaji bia waliokuja na ujuzi wa Kijerumani na hamira ya laga. Barafu ilikuwa adimu na mashine za kupoza hazikuwapo. Walichokuwa nacho ni upepo wa Pasifiki na ukungu wa San Francisco. Wakaimwaga bia ya moto kwenye masinia makubwa ya kina kifupi ili ipoe upesi, wakaiachia hamira ya laga ifanye kazi kwenye nyuzi 13 hadi 18, joto ambalo mtengenezaji wa Munich angelikataa. Bia ikawa tayari mapema, ikapelekwa baa ingali inachemka gesi ndani ya pipa.

Jina lilitokana na nini? Wengine husema ni mlio wa pipa likitobolewa, wengine husema ni mvuke uliokuwa ukifuka kwenye masinia yale juu ya mapaa. Chagua hadithi unayoipenda. Kilicho wazi ni kwamba hii ilikuwa bia ya vibarua, ya bei rahisi, na ilipofika 1965 ilikuwa inakata roho. Mwaka huo Fritz Maytag, kijana wa ukoo wa kiwanda cha mashine za kufulia, alinunua asilimia 51 ya Anchor iliyokuwa karibu kufilisika, akajifunza usafi na mapishi hatua kwa hatua, na kufikia 1971 akaanza kuitia kwenye chupa. Mwaka 1975 Anchor hao hao wakatoa Liberty Ale, iliyojaa hopsi ya Cascade, miaka mitano kabla Sierra Nevada hawajapika eli yao ya kwanza kwa hopsi hiyo hiyo. Kwa hiyo kopo la mvuke na kopo la eli ulilolishika mkono wa pili ni ndugu wa mtaa mmoja, ingawa mdomoni hawafanani hata kidogo.

Kopo si kosa

Bado wapo wanaoamini bia ya kopo ni ya daraja la chini. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani, makopo yalipokuwa ya bati na bia yenyewe ya kukimbizana na bei. Oskar Blues wa Colorado walipoanza kutia eli yao kwenye makopo mwaka 2002, walichekwa. Leo watengenezaji wadogo wengi Marekani wanatumia makopo. Alumini haipitishi mwanga hata chembe, na mwanga ndio unaoifanya hopsi itoe harufu ya kicheche, ile unayoipata kwenye bia ya chupa ya kijani iliyoachwa dirishani. Ndani, kopo limepakwa utando mwembamba, kwa hiyo bia haigusani na chuma. "Ladha ya bati" unayoisikia ukinywa moja kwa moja inatoka kwenye mfuniko unaougusa kwa midomo na pua.

Ndiyo maana sharti la pili ni kumimina. Kunywa bia ya mvuke kwenye kopo ni kuinyang'anya nusu ya stahili yake, kwa sababu kazi yake kubwa hufanyika puani, na tundu la kopo halina nafasi ya pua.

Joto je? Duka hukupa bia ikiwa na nyuzi 3 au 4. Laga ya Boston unaweza kuinywa hivyo hivyo. Ya mvuke iache mezani robo saa, ifike nyuzi 7 hadi 10. Hapa Watanzania tuna faida, maana swali la "baridi au ya moto?" tumelizoea baa, na wale wazee wanaoagiza ya moto wanajua fika kwamba baridi kali hufunga ladha. Si lazima uende mbali kama wao. Subiri kidogo tu.

Zikiwa glasini

Panga glasi tatu za aina moja, zilizosuuzwa vizuri; mabaki ya sabuni huua povu na utailaumu bia bure. Onja laga kwanza, kisha ya mvuke, kisha eli. Ukianza na eli, Cascade itakushika ulimi na hizo nyingine zitaonekana maji. Maji ya kunywa na kipande cha mkate mkavu katikati vinatosha.

Kwa macho, laga na ya mvuke zinakaribiana: rangi ya kaharabu hadi shaba, angavu. Eli nayo ina dhahabu iliyokolea, kwa hiyo mwanga ukiwa hafifu unaweza kuzichanganya. Tofauti ya kwanza iko kwenye povu. Bia ya mvuke ina gesi nyingi kwa asili yake, na kopo zuri hutoa povu zito la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, linaloshuka taratibu na kuacha alama za duara kwenye kuta za glasi kila unapopiga funda. Povu likipotea kabla hujakaa, anza kuwa na shaka na glasi, kisha na tarehe.

Pua ndiyo inayotoa hukumu. Laga ya Boston itakupa mkate, asali kwa mbali, na harufu ya majani na maua ya hopsi za Kijerumani, Hallertau na Tettnang, zenye adabu zao. Eli itakupa balungi na utomvu wa msonobari kabla hujaikaribia. Huhitaji mafunzo kuitambua. Ya mvuke inakutaka uinamie glasi. Kinachokuja kwanza ni ganda la mkate uliokaushwa vizuri, kisha sukari iliyoanza kuungua kwenye sufuria, na nyuma yake kitu kisicho tunda wala ua: mbao zilizoranzwa, mnanaa mkavu, pengine dokezo la msonobari. Hiyo ni hopsi ya Northern Brewer, sahihi ya mtindo huu. Mtengenezaji akiibadilisha kwa Cascade au Citra anaweza kupata bia tamu, lakini mimi namkata alama, kwa sababu ameniuzia eli iliyovaa kofia ya laga.

Tunda kidogo linaruhusiwa, kwa kuwa hamira imefanya kazi kwenye joto isilolizoea. Kidogo tu, kama peya iliyo mbali. Ukinusa ndizi, hamira ilizidiwa. Ukinusa siagi au bisi, bia ilitolewa kwenye tangi mapema mno. Mahindi ya kuchemsha ni kasoro ya upishi. Tofaa bichi ni bia changa. Na ukinusa boksi lililolowa, weka glasi chini na utazame tena tarehe, maana hiyo ni hewa iliyoingia pamoja na bia siku ya kufungwa, ikafanya kazi yake polepole, na hakuna kopo linaloweza kuizuia.

Mdomoni sasa. Funda la kwanza la bia ya mvuke hudanganya: unaonja utamu wa kimea na kudhani itakuwa laini mpaka mwisho. Subiri hadi katikati ya ulimi. Uchungu unapanda, imara, mkavu, na unakaa baada ya kumeza bila kukwaruza. Mwongozo wa BJCP, ambao majaji wengi wa mashindano ya bia huutumia, unaipa bia hii IBU 30 hadi 45 na kilevi cha asilimia 4.5 hadi 5.5, maana yake inaweza kuwa na uchungu kuliko Sierra Nevada huku ikiwa na kilevi pungufu. Lakini huuhisi kuwa mkali, kwa kuwa kimea kimeushika mkono. Kipimo changu ni hiki: baada ya kumeza, je, ulimi umebaki mkavu na unataka funda jingine, au umebaki na utamu wa kunata? Ukinata, mtengenezaji amezidisha kimea cha karameli, kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote kwenye makopo ya mtindo huu. Wengi wanadhani rangi ya kaharabu ni ruhusa ya kutengeneza sharubati.

Laga ya Boston kwa kulinganisha ni duara. Hakuna kona inayokugonga, na hilo ni sifa au lawama kutegemea ulichofuata. Eli ina uchungu unaokwenda sambamba na harufu yake, na inakuwa bora zaidi glasi inapopata joto. Ya mvuke pia huboreka, hadi kiwango fulani. Ikipita nyuzi 12 hivi karameli inapanda na ule ukavu unaanza kulegea.

Ukitaka kujua kama unaitofautisha kweli au unasoma lebo tu, mwombe mtu amimine glasi tatu pasipo wewe kuona: mbili za bia moja na moja ya nyingine, halafu utafute iliyo peke yake. Laga na ya mvuke ndizo zinazowaumbua watu. Ukishindwa, chukua ya bei nafuu na uishi kwa amani.

Mezani

Nyama choma ni ya bia ya mvuke, sina mjadala hapo. Ile ngozi ya nje ya mbuzi iliyoungua kidogo na kimea kilichokaangwa vimetoka familia moja ya ladha, na uchungu mkavu unakata mafuta ili mdomo uwe tayari kwa pande linalofuata. Mishkaki hali kadhalika. San Francisco wenyewe huinywa na kaa na mkate wao mchachu, na kwa sababu hiyo hiyo kaa wa kuchoma wa Pwani hatailalamikia.

Pilipili ni habari nyingine. Uchungu wa hopsi huchochea moto wa pilipili badala ya kuuzima, kwa hiyo ukiwa na mchuzi wa kuwasha kweli, eli itakutesa na ya mvuke itakusumbua, shika laga. Samaki wa kukaanga mwenye ndimu anakwenda na eli, balungi na ndimu zikasalimiana. Kwa pilau nisingebishana na mtu: laga au ya mvuke, yoyote iliyo karibu.

Kwa kiu ya jua kali hakuna hata moja kati ya hizi tatu. Tusker ya asilimia 4.2 inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Tarehe, na safari ya nyumbani

Baadhi ya makopo huonyesha siku bia ilipofungwa, mengine siku ya mwisho ya kunywa. Napendelea ya kwanza. Kwa bia ya mvuke nakubali kopo la hadi miezi minne lililokaa kwenye baridi muda wote. Lililokaa kwenye rafu ya kawaida, nusu ya hapo. Eli nataka changa kuliko hiyo, na laga ya Boston naivumilia kidogo zaidi.

Wafanyabiashara wa bia wana kanuni yao ya kukadiria ya 3, 30, 300: madhara ambayo bia huyapata kwa siku 3 kwenye nyuzi 32 ni sawa na ya siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Zipige hesabu hizo kwa Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kopo likishinda mwisho wa juma kwenye buti la gari, limezeeka miezi.

Kwa hiyo kama shemeji yako yuko Oakland na anakuja likizo, mwambie anunue siku ya mwisho kabla ya safari, dukani penye friji, asome chini ya kopo, alizungushie nguo na kuliweka katikati ya sanduku. Akifika liingie kwenye friji usiku huo huo, na lilale humo siku mbili kabla ya kufunguliwa. Na kama sanduku lina nafasi ya aina moja tu, asikuletee eli, kwa kuwa harufu ya Cascade ndiyo inayokufa kwanza kwenye joto, na utabaki na uchungu mtupu. Alete ya mvuke. Hata ikipoteza kidogo njiani, kimea na ule mnanaa mkavu vitafika.